Nataka kazi ya kusimamia mabadiliko, lakini stoo bado wanaandika kwenye daftari

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Nina miaka 31, ni afisa rasilimali watu Arusha, kwenye kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Tuko wafanyakazi kama 140 katika matawi matatu. Mwaka jana kampuni ilinunua mfumo wa kompyuta wa kuunganisha manunuzi, stoo, mauzo na uhasibu, nami nikaingizwa kwenye timu ya mradi siku mbili kwa wiki kusaidia mafunzo na taarifa kwa wafanyakazi. Kazi hiyo nimeipenda kuliko mafaili ya likizo na mishahara. Nimesikia kuwa kusimamia mabadiliko, yaani kuwasaidia watu wahamie namna mpya ya kufanya kazi, ni fani kamili, ina wataalamu wake na vyeti vyake, na ningependa kuhamia huko.

Tatizo ni kwamba mfumo una miezi miwili tangu uwashwe na stoo kuu hawautumii inavyotakiwa. Mzigo ukifika wanaandika kwenye daftari, kisha wanaingiza kwenye mfumo jioni au kesho yake. Watu wa mauzo wanaona saruji ipo, wanachukua hela ya mteja, kumbe mifuko imeshatoka. Sasa kila mtu anasema mfumo unadanganya. Tumewafundisha mara mbili. Meneja wa mradi anasema wazee wa stoo ni wabishi, na ameniagiza nipange mafunzo ya mara ya tatu.

Pia kuna maneno kwamba mfumo ukikaa sawa makarani watapunguzwa. Wananiuliza mimi, kwa kuwa natoka ofisi ya rasilimali watu, na sijui niwajibu nini.

Nimeona kozi ya siku tatu ya kimataifa ambayo ada yake inazidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Nikope nikasome? Kazi zenyewe ziko wapi, maana nikitafuta matangazo naona machache na mengine siyaelewi? Na mwisho, waliotuuzia mfumo wana mteja mwingine Dodoma, wamenigusia nijiunge nao kwa mkataba wa miezi tisa. Niende?

Ni mimi Njia Panda, Arusha

JIBU

Dada, tuanze na stoo, vyeti vitafuata. Anayekuajiri kusimamia mabadiliko atakuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: watu walianza kweli kutumia kitu kipya, na wewe ulijuaje? Kwa sasa huna jibu, kwa sababu mfumo wenu umewashwa lakini haujatumika. Ukifanikiwa kuiondoa stoo kwenye daftari na ukawa na namba za kuonyesha hivyo, utakuwa na kitu ambacho wengi wenye vyeti hawana.

Mafunzo ya tatu yasubiri. Mtu aliyefundishwa mara mbili na bado anaingiza mzigo jioni, maana yake kubonyeza anajua. Kinachomshinda ni kuingiza asubuhi lori likiwa mlangoni. Kwa hiyo nenda ukae kwenye mlango wa kupokelea mzigo siku mbili nzima, kuanzia lori la kwanza hadi la mwisho, ukiwa na karatasi na saa. Kwa kila lori andika limeingia saa ngapi, nani amepokea, LPO yake (hati ya kuagizia mzigo) ilikuwemo kwenye mfumo au haikuwemo, hati ya mzigo imesainiwa saa ngapi, na mzigo umeingizwa kwenye mfumo saa ngapi. Usimhoji mtu wala usimrekebishe, maana ukianza kufundisha hapo hapo watakuigizia, na ukiondoka daftari litarudi mezani.

Kwa mfumo wa aina hiyo, kuna mambo manne au matano ambayo karibu kila mara hukutwa mlangoni. La kwanza, na ndilo zito kuliko yote, halitoki stoo kabisa. Afisa manunuzi ameagiza nondo kwa simu, amesema LPO ataiingiza baadaye. Lori limefika. Mfumo umetengenezwa usipokee mzigo usio na LPO, na ni sahihi ufanye hivyo, maana hiyo ndiyo kinga dhidi ya mzigo hewa. Dereva anataka saini aondoke. Mtunza stoo anafungua skrini, inamkatalia, anavuta daftari kwa sababu daftari halikatai. Jioni LPO imeingizwa, naye anaingiza mzigo. Ukimwita mbishi utakuwa unamwadhibu kwa uchelewaji wa ofisi nyingine.

La pili ni vipimo. Misumari inanunuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo. Mabati yanafika kwa bando na kutoka kwa pisi. Kama aliyejaza orodha ya bidhaa aliweka kipimo kimoja tu, mtunza stoo analazimika kupiga hesabu kichwani kila mara, na kosa moja linamfanya aonekane mwizi siku ya kuhesabu stoo. Mtu mwenye hofu hiyo hataliacha daftari lake, na ana haki.

Kisha pima kwa hatua umbali kutoka lori linaposhushwa hadi kompyuta ilipo. Angalia pia ni nani wana akaunti zao. Watu watatu wanaotumia neno moja la siri ni dalili kwamba kuna mtu hakupewa ruhusa siku ya kwanza, akaazimwa, ikazoeleka. Matokeo yake huwezi kujua nani ameingiza nini. Mwisho, ulizia ripoti ya Jumatatu. Kama meneja mkuu bado anadai ile ripoti ya zamani ya Excel iliyojazwa kutoka kwenye daftari, basi daftari litaendelea kuishi hata ukifundisha mara kumi. Wafanyakazi hufuata kile bosi anachokidai kila wiki kuliko alichokisema siku ya uzinduzi akigawa fulana.

Ukishapata hayo, chukua kipimo cha ADKAR, kilichoandaliwa na Jeff Hiatt, mwanzilishi wa Prosci, kampuni ya mafunzo ya kusimamia mabadiliko. Kinauliza mambo matano kwa mpangilio: mtu anafahamu kwa nini tunabadilika? Anataka? Anajua namna? Anaweza kufanya akiwa kazini kweli? Na kuna kinachomshikilia asirudi nyuma? Kaa na kila mtunza stoo peke yake, dakika 20 zinatosha, mpe alama 1 hadi 5 kwa kila swali. Alama ya kwanza kuwa 3 au chini ndiyo kizuizi chake, na unaanzia hapo. Kushughulikia swali la tano wakati la pili halijakaa ni kupoteza muda. Tunadhani utakuta kwa stoo yenu kizuizi kipo kwenye swali la nne. Mafunzo hutibu la tatu. Ndiyo maana mara mbili hazikusaidia.

Sasa weka kipimo cha matumizi, kimoja tu, kinachotoka kwenye kumbukumbu na si kwenye maoni. Daftari la mlinzi getini linaonyesha malori yaliyoingia na mzigo. Mfumo unaonyesha saa ambayo kila mzigo umeingizwa. Gawanya: mizigo iliyoingizwa ndani ya saa moja tangu lori lifike, kwa malori yote ya wiki. Mfano, malori 40, yaliyoingizwa ndani ya saa moja ni 9. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Ichore kila Ijumaa kwa wiki nane na usibadilishe namna ya kuhesabu katikati, hata ikikuaibisha wiki ya tatu.

Kwa meneja wa mradi usiende na malalamiko. Nenda na ukurasa mmoja wenye namba hiyo, sababu ulizoziona mlangoni, na maamuzi unayoyaomba. Kwa hali tuliyoieleza, maamuzi ni matatu. Kuanzia tarehe fulani hakuna oda ya simu bila LPO kuingia kwenye mfumo siku ileile, na anayewajibika ni mkuu wa manunuzi. Tarehe hiyohiyo ripoti ya Excel inakufa, meneja mkuu anasoma ya mfumo. Na kuna utaratibu wa umeme au mtandao ukikatika: fomu za karatasi zenye namba mfululizo, zinazoingizwa ndani ya saa mbili baada ya huduma kurudi, na mtu aliyetajwa wa kuzikagua. Bila hilo la tatu usithubutu kulichukua daftari. Siku mtandao utakapokatika saa nne asubuhi na malori matatu nje, watanunua daftari jipya, na safari hii watalificha.

Maamuzi hayo huwezi kuyatoa wewe, na usijaribu. Yanatoka kwa mwenye mamlaka juu ya manunuzi na stoo kwa pamoja, ambaye kwenu labda ni meneja mkuu. Yeye ndiye aseme kwa nini kampuni inabadilika. Lakini swali la “na mimi itanigusa vipi?” watu hutaka kujibiwa na msimamizi wao wa kila siku. Kwa hiyo msimamizi wa stoo apate taarifa siku moja au mbili kabla ya watu wake, akiwa na majibu mkononi. Kosa linalorudiwa sana ni kumwacha asikie kwenye mkutano pamoja na vibarua wake. Amevunjiwa heshima, na hatakusaidia tena.

Hilo la makarani kupunguzwa linahitaji uangalifu mkubwa, maana jina lako ndilo linalobeba maneno. Usiseme “hakuna atakayepoteza kazi” kama mwajiri hajaliandika hilo. Usiseme pia kwamba hujui chochote kama unajua. Muulize meneja mkuu moja kwa moja: uamuzi upo, haupo, au utafanyika lini? Kama haupo, waambie makarani hivyo, pamoja na tarehe watakayopata jibu, na tarehe hiyo ikifika rudi kwao hata kama huna jipya. Kama upo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, atoe habari zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza: sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na malipo. Kifungu cha 42 kinaweka malipo ya angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Wasomaji wa Kenya wanaangukia kifungu cha 40 cha sheria ya ajira ya 2007, ambako ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka. Na jambo moja tunalisema bila kuzunguka: ukiombwa utumie alama za mafunzo kuandaa kimyakimya orodha ya wa kupunguzwa, kataa. Ni udanganyifu kwa waliokaa darasani wakijua wanafundishwa, na baada ya hapo hakuna mtu katika kampuni hiyo atakayekuambia ukweli kuhusu mfumo.

Kuhusu kozi, usikope. Hiyo ya siku tatu, kama ni ya Prosci, ni nzuri, na mshiriki huenda na mradi wake halisi na kuufanyia kazi darasani. Ndiyo sababu anayefaidika ni mwenye mradi. Mwombe mwajiri alipe yote au nusu, ukiwa na ule mchoro wako wa wiki nane mkononi. Akikataa, APMG, shirika la kutahini na kutoa vyeti, wana mtihani wa kusimamia mabadiliko wa ngazi ya kwanza (Foundation), wa maswali ya kuchagua, ambao unaweza kujiandaa mwenyewe nyumbani kwa gharama ndogo zaidi. Cheti kizito zaidi ni CCMP cha ACMP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kusimamia mabadiliko. Kwa mwenye shahada wanataka uzoefu wa miaka 3, sawa na saa 4,200 za kazi ya mabadiliko, pamoja na saa 21 za mafunzo. Asiye na shahada, miaka 5 au saa 7,000. Piga hesabu yako. Siku mbili kwa wiki ni saa 16. Kwa wiki 48 ni saa 768 kwa mwaka. Ukibaki hivyo utahitaji zaidi ya miaka mitano. Kwa hiyo anza leo jedwali lenye tarehe, kazi uliyofanya, saa, na jina la anayeweza kuthibitisha. Kuzitafuta saa hizo baadaye kwenye barua pepe za zamani ni adha, na mashahidi huhama.

Soma hatua 8 za kuongoza mabadiliko za John Kotter wa Harvard na ngazi tatu za mabadiliko za mwanasaikolojia Kurt Lewin za mwaka 1947, kwa sababu wanaohoji huziuliza. Jioni mbili zinatosha.

Matangazo yanakuchanganya kwa sababu maneno “change management” yanatumika kwa kazi mbili. Kwenye idara za TEHAMA ni udhibiti wa mabadiliko ya seva na programu: nani ameidhinisha, yatafanyika usiku gani, yakiharibika turudi vipi. Ukiona tangazo linataja ITIL (mwongozo wa kuendesha huduma za TEHAMA), seva na maombi ya mabadiliko, si yako. Yako inataja mafunzo, mawasiliano, wadau, utayari wa watumiaji. Na mara nyingi haina jina hilo kabisa: imefichwa ndani ya nafasi ya mratibu wa mafunzo ya mradi, afisa mawasiliano wa mradi, au mchambuzi wa utendaji. Soma majukumu kabla hujasoma cheo.

Zinakopatikana ni pale watu wengi wanapobadilishiwa namna ya kufanya kazi kwa pamoja. Benki zikihama mfumo mkuu au zikiungana, kama NIC na CBA za Kenya zilivyounda NCBA mwaka 2019. Serikalini: Tanzania ilitoka TANePS ikaingia NeST kwenye manunuzi ya umma mwaka 2023, na upimaji wa watumishi ukatoka OPRAS ukaja PEPMIS, na kwenye bima ya afya Kenya ilitoka NHIF ikaingia SHA Oktoba 2024. Kila moja ya hizo ni maelfu ya watu wanaojifunza upya kazi yao. Kampuni za ushauri kama Deloitte, PwC, KPMG na EY zina ofisi Dar es Salaam na Nairobi na huchukua watu wa aina hii kwa miradi. Migodi, kampuni za simu na miradi ya wafadhili pia.

Unapoomba, ambatisha kazi na siyo sifa. Tathmini ya athari ndiyo inayotazamwa kwanza: jedwali ambalo kila mstari ni cheo kimoja, si idara. Karani wa kupokea mzigo, leo anafanya nini, kesho atafanya nini, anaacha nini, anahitaji kifaa gani, mafunzo ya saa ngapi, nani ana mamlaka juu yake. Ukiandika “idara ya stoo itaathirika”, mhoji mzoefu atajua hukufika stoo. Ongeza mpango wa mawasiliano, orodha ya ukaguzi wa utayari kabla ya kuwasha mfumo, na mchoro wa matumizi. Ondoa jina la kampuni, majina ya watu, mishahara na bei. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na mwajiri mpya akiona umemwaga siri za wa zamani hatakuamini.

Msingi wako wa rasilimali watu unakufaa sana kwenye sheria, mafunzo na kuongea na watu. Pungufu lako huenda likawa kuchora mtiririko wa kazi na kusoma mpango wa mradi. Mwombe mtaalamu wa mfumo akufundishe kuchora safari ya mzigo kutoka LPO hadi malipo ya msambazaji. Wiki moja utakuwa umeelewa.

Dodoma. Usiende kabla ya zile wiki nane, maana ukiondoka sasa unaondoka na mradi ulioshindikana jinani mwako. Zikiisha, waulize waliokugusia: watumiaji ni wangapi? Nafika mradi ukiwa hatua gani? Kwa mteja, ni nani mwenye kauli juu ya idara zote? Na baada ya mfumo kuwashwa nitabaki muda gani? Kama jibu la mwisho ni wiki mbili, wanatafuta mtu wa kufundisha kubonyeza tu. Omba angalau miezi mitatu baada ya kuwasha iwe ndani ya ile tisa. Kwa mwajiri wako omba kuazimwa badala ya kuacha kazi. Barua ya kuazimwa itaje tarehe ya kwenda na kurudi, cheo utakachorudia, nani analipa mshahara na michango ya NSSF na bima ya afya, nani anabeba nyumba na nauli ya Dodoma, na kwamba miezi hiyo inahesabika kwenye muda wako wa utumishi. Isainiwe na pande zote tatu kabla hujafunga mizigo.